Kitu Kinacholala Stoo

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi baridi kali. Umande mweupe juu ya nyasi, upepo mdogo wa kukata masikio, jua halikujitokeza mpaka baada ya saa mbili. Nimewasha moto, nimechemsha maji, nimefagia uwanja hadi barabarani. Mchakamchaka wa shule umepita nikiwa bado na fagio mkononi. Wanaimba huku midomo inatoa mvuke. Wengine pekupeku. Mwanangu Sixta alikuwa katikati yao, sweta limemfika magotini. Hakunipungia mkono. Siku hizi ananionea aibu mbele ya wenzake.

Tangu shule ifunguliwe tuna mpango mpya, Lishe na Mazoezi. Karatasi yake imebandikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu: sahani yenye vyakula vya kila kundi, glasi ya maziwa, watoto wanaruka kamba na kucheka. Sehemu ya mazoezi ilianza siku hiyohiyo, maana mbio hazigharimu kitu. Zamani mchakamchaka uligeuzia kanisani. Sasa unapita hapa kwangu mpaka njia panda ya Mpui.

Sehemu ya lishe inaisubiri kamati ya chakula. Kamati ni sisi. Mimi katibu. Mwenyekiti ni Mzee Didas, kaka yake mama yangu. Yaani nikitaka kumpinga lazima nianze na shikamoo.

Uji unatoka saa nne. Anayepewa ni yule ambaye kwao wametoa debe la mahindi na kopo la sado la maharage. Ili wasichanganyikane, mjomba amepaka alama nyekundu kwenye kitako cha kila kikombe kilicholipiwa, kwa rangi iliyobaki ulipopakwa mlango wa stoo. Mtoto anakiinua kikombe juu, mpishi anachungulia kitako, ndipo anachota. Wasio na alama wanakwenda nyuma ya darasa la tano kuota jua. Wenzao wamewapa jina: wala-jua.

Leo nilikwenda kupeleka kuni, nikawakuta pale ukutani. Wamefumba macho. Nimebwaga kuni nikaondoka.

Jumatano, 16 Julai

Baridi. Ukungu mzito, nyumba ya jirani haionekani.

Kabula ameanguka kwenye mchakamchaka. Kabula ni mtoto wa Kisukuma anayekaa dawati moja na Sixta, darasa la tatu. Kwao ni wafugaji, wanakaa kule bondeni, mbali. Anatoka nyumbani giza halijaisha, tumbo tupu, anatembea mpaka shule, halafu shule inamkimbiza. Alianguka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mwalimu wa zamu alidhani anadeka, akampigia filimbi sikioni. Sixta anasema midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walimwinua wenzake. Saa nne alikwenda kuota jua kama kawaida, kikombe chake hakina alama.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilisema taratibu, mikono nimeifunga mbele. Uji utangulie, mbio zifuate. Na kila mtoto apewe.

Akaniambia mtoto akishiba akikimbizwa anatapika. Nikasema basi wapumzike kidogo kati ya uji na mbio. Akasema ratiba. Akasema Ijumaa ya tarehe mosi Agosti wageni wa halmashauri wanakuja kuangalia mazoezi saa moja kamili, na anataka kikosi. Ndivyo alivyosema. Kikosi. Habari ya nani apewe uji, hiyo ni ya kamati, nikamwone mwenyekiti.

Mwenyekiti yuko shamba.

Nimerudi nimepasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Alhamisi, 17 Julai

Mawingu. Upepo wa kutwa.

Mama Kabula amekuja shuleni mwenyewe, dumu la maziwa kichwani. Alisikia kwamba karatasi ya ofisini ina picha ya maziwa. Mahindi hawakupata, mwaka huu maji yalichukua shamba. Ng'ombe wanao. Akasema ataleta dumu kila siku ya shule, liwe mchango wa Kabula, na watoto wote wanywe.

Kamati tulikuwa mlangoni mwa stoo tunapokea mahindi. Mjomba alilizunguka lile dumu kama linaweza kumuuma.

"Hiki hatupokei."

"Kwa nini, baba?"

"Mchango ni kitu kinacholala stoo. Mahindi yanalala. Maharage yanalala. Haya maziwa yako, mama, yatalala wapi?"

"Tumboni kwa watoto."

Watu wakacheka. Wapishi, wazazi wenye madebe yao, hata mimi. Hapo ndipo lilipoharibika, maana mjomba hapendi kuchekwa mbele ya stoo yake. Akahamia Kifipa, lugha yetu ya hapa. Akatuambia sisi, yeye akimpa mgongo, kwamba watoto wa hapa hawakuzoea maziwa, wataharisha, na lawama zitakuja kwake kama zilivyokuja mwaka ule mahindi yalipoisha kabla ya mavuno. Mama Kabula hajui Kifipa. Alisimama pale anatutazama midomo.

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba maziwa yanachemshwa.

"Katibu," mjomba akasema, "wewe andika. Kusema tuachie sisi."

Nikafunga kalamu.

Mama Kabula akajitwika dumu lake. Akasema "wabeja", ndiyo asante ya kwao. Asante ya nini, sijui. Akaondoka na njia yote ile kurudi bondeni.

Mahindi yanalala stoo, watoto wanalala darasani. Maneno haya nilitakiwa kuyasema palepale. Yamenijia nikiwa nakoka moto wa jioni.

Jumapili, 20 Julai

Jua, lakini la baridi.

Misa ya kwanza. Mjomba yuko kwaya, mstari wa mbele, na anaimba vizuri, hilo siwezi kumnyima. Shikamoo mjomba. Marahaba. Basi, kila mtu na njia yake.

Baba Sixta amekuja kutoka Laela, anakopakia mahindi msimu huu. Nimemsimulia. Amecheka kwenye lile la tumboni, kisha akaniambia nisishindane na watu wazima, tena wa ukoo. Nimempakulia ugali bila kumjibu. Ameelewa. Ameosha vyombo.

Jumanne, 22 Julai

Umande. Baridi imepungua kidogo.

Leo uji haukutosha. Sufuria lilelile, unga uleule, ila vitako vyekundu vimekuwa vingi. Wapishi walikwangua mpaka ukoko na foleni bado imejikunja. Akaitwa mwenyekiti.

Mjomba aliwapanga watoto wote uwanjani. Akawa anapokea kikombe kimoja kimoja, anaukwangua wekundu kwa ukucha wake. Rangi ya mlango haitoki. Ya kucha inatoka.

Ni rangi yangu mimi. Niliinunua Sumbawanga mjini kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikaipaka mara moja, nikaihifadhi kabatini. Sixta aliichukua jana, akawapaka wala-jua wote pale nyuma ya darasa la tano mpaka kichupa kikaisha. Alianza na Kabula.

Mwalimu wa zamu akatoa adhabu. Kukimbia. Kuzunguka uwanja, wote waliokutwa na rangi ya kucha, Sixta mbele, vikombe vitupu mkononi. Karatasi ya ofisini inasema mazoezi ni furaha ya mtoto. Niliisoma tena leo kuhakikisha.

Nilifika wakiwa bado wanazunguka. Kabula alikuwa ametolewa kwenye mbio, yuko mbele ya mjomba. Mjomba anamwonyesha kikombe.

"Hii inaitwaje, binti? Huu ni wizi. Wewe ni mwizi wa uji."

Watoto wakalidaka. Mwizi wa uji, mwizi wa uji. Mjomba hakuwakataza. Kabula hakulia. Alinyoosha mkono tu, anataka kikombe chake.

Nilimshika Sixta mkono tukaondoka bila kumuaga mtu. Mjomba akaita nyuma yangu, "Mama Sixta, mfundishe mwanao!" Nilipaswa kumchapa kwa kuchukua kitu changu bila ruhusa. Nimemwambia siku nyingine asitumie rangi inayobanduka.

Jumatano, 23 Julai

Kabula hakuja shule.

Alhamisi, 24 Julai

Hakuja. Sixta anasema dawati ni kubwa. Baridi imerudi.

Jumamosi, 26 Julai

Jua tangu asubuhi. Nimeteremka bondeni na Sixta, tumekwenda kwa kina Kabula.

Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Viti chini ya paa la majani, mtindi mzito kwenye kibuyu. Kabula alikuwa zizini na ndama. Alipomwona Sixta alikuja mbio, kisha akakumbuka kitu akasimama mbali. Akauliza nani anakaa mahali pake. Sixta akasema hakuna, nimeweka begi.

Baba Kabula ni mtu mrefu, hazungumzi haraka. Alimaliza mtindi wake ndipo akasema. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Mama, mtoto nilimpeleka mwenyewe shule. Nikasikia ameanguka, nikanyamaza. Nikasikia maziwa yamekataliwa, nikanyamaza. Sasa nasikia mwizi. Mimi ng'ombe wangu hawajawahi kula shamba la mtu nikakataa kulipa. Mtoto wangu ameiba nini?"

Nilisema samahani, likaonekana dogo.

Akasema ataondoka na ng'ombe kwenda bonde la Rukwa kutafuta majani, mwezi huu ukiisha. Mama Kabula atabaki na mdogo wake Kabula na ng'ombe wachache wa kukamua. Nikamwomba amwache Kabula naye abaki asome. Akafikiri. Akasema shule ikibadilika kabla hajaondoka, mtoto atabaki. Isipobadilika atakwenda kuchunga ndama, huko hakuna atakayemwita mwizi kwa kunywa.

Njiani kurudi Sixta akaniuliza, "Mama, shule inabadilika kwa siku ngapi?" Nikamwambia atembee.

Jumatatu, 28 Julai

Mawingu, vumbi, upepo.

Kikao cha kamati. Nilijiandaa kama kwa mtihani wa kidato cha nne. Hoja ya kwanza: uji kabla ya mbio. Ya pili: maziwa yapokelewe. Ya tatu: hakuna alama kwenye kikombe, mtoto ni mtoto, mzazi ndiye adaiwe.

Mwalimu Mkuu alisema hoja nzuri, zisubiri wageni waondoke. Mama Leokadia, mjumbe, alisema tukimpa asiyetoa, aliyetoa naye ataacha kutoa. Mjomba alisimama. Alisimulia ule mwaka wa mahindi kuisha: jinsi watu walivyopita nje ya nyumba yake wakisema amekula chakula cha watoto, jinsi mkewe alivyoacha kwenda kisimani mchana. Alisema tangu siku ile aliapa stoo haitakaa tupu mikononi mwake. Nilimwonea huruma, kweli. Kisha akaharibu.

"Huyu katibu wetu kalamu yake inakimbia kuliko akili. Ametumwa na Wasukuma."

Wakacheka.

Nikasimama. Nikamwambia mjomba wangu mzazi, mbele za watu, kwamba analinda stoo kama maiti, anaikeshea mpaka ioze. Nikamwambia mtoto aliyemwita mwizi ana adabu kuliko yeye.

Mwalimu Mkuu akafunga kikao. Hoja zote zimekataliwa.

Sijutii.

Jumanne, 29 Julai

Baridi.

Mama ametuma mtu: niende kwa kaka yake nikapige magoti. Nimejibu nitakwenda, sikusema lini.

Nimeazima sufuria kubwa la jumuiya yetu ya kanisani. Mwenye ufunguo akauliza la nini. Nikasema nina shughuli. Ni shughuli kweli. Nimesaga debe la mahindi yangu mwenyewe, nimekaanga karanga na kuzitwanga. Kupitia watoto wa bondeni nimetuma ujumbe kwa Mama Kabula, aje na dumu lake.

Mchakamchaka hauna njia nyingine ya kwenda njia panda isipokuwa hapa nje kwangu.

Jumatano, 30 Julai

Umande umeganda, unavunjika chini ya miguu. Hakuna upepo.

Mama Kabula alifika na dumu kabla ya jua. Tulichemsha maziwa, tukayamimina kwenye uji wa karanga, harufu ikaenda mpaka barabarani. Tuliliweka sufuria kwenye mafiga palepale ukingoni mwa njia. Nilikusanya kila kitu chenye kina: vikombe, bakuli, vifuniko vya chupa za chai, kopo la kupimia unga.

Wakaja wanaimba. Wimbo ukaanza kukatika mbele, ukakatika katikati, nyuma wakawa wanaimba peke yao bila kujua wenzao wamesimama. Wakagongana. Sixta akapiga kelele, "Ni kwetu! Ni kwetu!" Leo hakunionea aibu.

Hakuna aliyeangaliwa kitako cha kikombe. Wakubwa waliwashikia wadogo. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikunywa, akaniuliza, "Mama Sixta, na hapa ni njia panda?" Nikamwambia ndiyo, leo njia panda imesogea.

Mwalimu wa zamu alipiga filimbi mpaka akachoka. Mama Kabula akampa bakuli. Akalipokea, akageukia ukuta, akanywa.

Mwalimu Mkuu alikuja kwa pikipiki.

"Mama Sixta, unaniharibia kikosi."

"Shikamoo, mwalimu. Uji upo."

Hakutaka. Akawapanga, akawarudisha shule mwendo wa kawaida. Nilimwuliza Mama Kabula, baba Kabula amesemaje. Akasema anasikiliza.

Alhamisi, 31 Julai

Ukungu.

Tulipika tena. Tulisubiri. Mchakamchaka haukupita.

Tukausikia upande wa kanisani. Amebadilisha njia. Mwalimu Mkuu ameinua watoto wote wale akawapitisha makaburini, kwenye njia ya mawe, ili wasikutane na uji. Nyimbo zikaenda zikarudi kule mbali. Mimi na Mama Kabula tumesimama na miiko.

Sijawahi kuwa na hasira ya namna hii. Mtu anatafuta njia ya kuzunguka ili mtoto asile! Angeitumia akili hiyo kutafuta karanga.

Mama Kabula akasema taratibu, kana kwamba anajisemea, "Sasa nitamwambia nini baba yake?" Alitia sehemu ya uji kwenye dumu lake aende nao nyumbani. Uliobaki tuliwapa wapita njia na waendesha baiskeli wanaokwenda Mpui na magunia. Wamesifu sana. Sifa zao zimeniuma.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi safi, baridi, anga halina doa.

Sikutaka kupika. Mama Kabula alikuja na dumu, basi nikawasha moto. Nikamwuliza Kabula yuko wapi. Akasema yuko na baba yake. Uso wake ulikuwa umefungwa, sikuuliza zaidi.

Wageni walifika shuleni saa moja kamili, afisa lishe wa halmashauri na dereva wake. Wakasimama uwanjani na Mwalimu Mkuu na mjomba aliyevaa koti, wanasubiri kikosi kirudi kutoka makaburini. Haya nimesimuliwa na wapishi.

Kikosi hakikuwa makaburini. Kiranja mkuu, msichana wa darasa la saba, sauti kubwa, alipofika kwenye kona ya kanisa alitakiwa kukata kushoto. Alikata kulia. Wote wakamfuata. Hakuna mtu mzima aliyemtuma, nimeuliza. Walikuja hapa wakiimba kuliko siku zote, wakajipanga wenyewe, wadogo mbele.

Nilikuwa nachota nilipoona gari la wageni linakuja polepole. Afisa ni binti mdogo, kofia ya sufu, pua imemwiva kwa baridi. Alishuka, Mwalimu Mkuu na mjomba nyuma yake, akatazama sufuria, akatazama watoto, akapiga picha. Akauliza huu ni utaratibu gani.

Nilifungua mdomo.

"Hiki ni kituo chetu cha uji," Mwalimu Mkuu akasema. "Ni ubunifu wa shule. Wanakula kwanza, wanapumzika, ndipo mazoezi."

"Na maziwa?"

"Wafugaji wetu," mjomba akasema. "Tunashirikiana nao sana."

Safari hii alisema Kiswahili. Mama Kabula alielewa kila neno. Alikuwa amesimama nyuma ya moshi na mwiko.

Afisa akasema vizuri sana, akasema ndivyo karatasi inavyotaka, akauliza kama ni watoto wote. Wote, akasema Mwalimu Mkuu. Akaulizwa kama ni kila siku. Kila siku. Alipokwisha kusema mbele ya gari la halmashauri, hakuweza tena kulirudisha neno. Kuanzia Jumatatu uji ni kwanza, shuleni, kwa kila kikombe.

Nimeshinda. Nimeandika hilo nikalisoma, halinipi raha. Wiki tatu nilisema kwa adabu, kwa hoja, kwa kelele, haikuwa. Binti wa kofia ameuliza maswali manne, ikawa. Na sifa wamezibeba walewale. Baada ya wageni kuondoka, mjomba alipita karibu yangu, akasema kamati imeonelea nipumzike kidogo ukatibu. Nikasema sawa mjomba. Nikaendelea kuosha sufuria la jumuiya.

Sixta ameliondoa begi lake mahali pa Kabula, ameliweka chini. Anasema Jumatatu Kabula atarudi.

Jumamosi, 2 Agosti

Upepo tangu alfajiri.

Nimeteremka bondeni kumpa baba Kabula habari. Zizi kubwa liko tupu. Kinyesi kimekauka juu.

Mama Kabula amenisimulia: mumewe aliondoka Alhamisi mchana. Habari ya njia ya makaburini ilimfikia kabla uji wa kwenye dumu haujapoa. Alisema shule inayomkimbia mtu mwenye sufuria haitabadilika. Alimchukua Kabula, fimbo yake ndogo, na ndama. Sasa wako chini huko bonde la Rukwa, hakuna anayejua wamepiga kambi wapi, simu haishiki.

Siku moja tu. Mwalimu Mkuu angewapitisha njia yao ya kila siku, Alhamisi moja, mtoto angekuwa hapa.

Nimerudi nikiongea peke yangu barabarani. Watu wamenipisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi shwari, baridi ya kawaida, jua mapema.

Mchakamchaka haukupita kabla jua halijapanda. Nimefagia uwanja wangu kwa utulivu, nimesikia hata ndege. Baadaye nikaenda shuleni, sina cheo, nimekwenda kama mzazi. Watoto wamekaa juani kwa mistari, kila mmoja na kikombe chake, wanapuliza. Wapishi wanachota bila kuchungulia vitako. Hakuna kelele, ni kunywa tu.

Mjomba alikuwepo. Shikamoo. Marahaba, Mama Sixta. Amekonda, nimeona leo. Jioni nilikwenda kwake nikapiga magoti kwa lile neno la maiti. Kwa lile la adabu sikupiga, na yeye hakuliuliza. Mkewe alitupa chai.

Mama Kabula alikuja na dumu. Sikutegemea. Nilimsindikiza hadi ukingoni mwa shule, nikamwambia hana deni na mtu hapa, mtoto wake hayupo, watoto hawa ni wa wengine. Akaifunga kanga yake upya.

"Masanja anaanza darasa la kwanza Januari," akasema. "Namshikia nafasi."

Masanja ni yule mdogo wake Kabula. Jumamosi alinionyesha meno mawili yaliyong'oka.

Akaondoka na dumu tupu, anatembea haraka, ana ng'ombe wa kukamua.

Sixta amerudi, amekula, ameoga. Amelala upande wangu wa kitanda. Nimemwacha. Nje kimya. Nalala saa tatu na nusu.